Wasomaji Wanauliza: Tim Drake, Kijana Aliyevuka Mipaka Kupambana na Wahalifu

Swali: Mhariri, rafiki yangu ananisifia sana mfululizo wa katuni uitwao Red Robin, akisema ni hadithi ya kijana anayepambana na wahalifu nchi baada ya nchi. Mimi sijapata kusoma toleo hata moja la Batman. Je, nitaielewa, na nianzie wapi?

Jibu: Utaielewa, mradi ujue machache yaliyotangulia. Mfululizo huo ulitolewa na kampuni ya DC ya Marekani kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, ukafikia matoleo 26. Christopher Yost aliandika matoleo 12 ya mwanzo, kisha Fabian Nicieza akaipokea kalamu. Kwa upande wa michoro alianza Ramon Bachs, akafuatiwa na Marcus To. Mhusika mkuu ni Tim Drake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa Robin, yaani msaidizi wa Batman. Hadithi inapoanza, karibu kila mtu anaamini kwamba Bruce Wayne, mwenye kinyago cha Batman, amekufa. Dick Grayson, aliyekuwa Robin wa kwanza, amerithi vazi la Batman, na nafasi ya Robin amepewa Damian, mwana wa Bruce. Tim anajikuta hana cheo wala mwenzi wa kumwamini anaposhikilia kwamba Bruce yu hai, na kwa hiyo anaondoka Gotham, mji wa Batman, kwenda kutafuta ushahidi, kwanza Ulaya na baadaye Iraq.

Hata hivyo, ningekushauri usianzie hapo. Tafuta kwanza mfululizo mfupi wa matoleo 5 wa mwaka 1991, uitwao Robin, ulioandikwa na Chuck Dixon na kuchorwa na Tom Lyle. Humo Tim anapelekwa Paris kujifunza mapigano, naye bila kutazamia anaingia katika mkasa unaomfikisha Hong Kong, iliyokuwa bado koloni la Uingereza, akimfuatia mfanyabiashara mkubwa wa heroini aitwaye King Snake. Mwalimu wake njiani ni Lady Shiva, mwuaji hodari kuliko wote, ambaye mwishoni anamwamuru mwanafunzi wake ammalize adui aliyekwisha kushindwa. Tim anakataa. Ukiisoma sehemu hiyo kwanza, utaifuata safari ya 2009 kwa jicho jingine, kwa sababu utamwona kijana yuleyule akirudi ugenini, safari hii akiwa hajatumwa na mtu, huku sharti la Batman la kutoua likijaribiwa upya na watu wenye hila kubwa zaidi.

Swali: Nimesikia kwamba Robin aliyemtangulia Tim aliuawa kwa sababu wasomaji walipiga kura afe. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Mwaka 1988 DC ilitangaza namba mbili za simu, moja ya kutaka Jason Todd aokoke na nyingine ya kutaka afe, na kila simu ilitozwa senti 50 za dola. Waliotaka afe walikuwa 5,343, na waliotaka aishi walikuwa 5,271, tofauti ya kura 72 tu.

Kura hiyo ndiyo iliyomtengeneza Tim. Waandishi walijua kwamba wakimleta kijana mwingine wa kurithi nafasi ya marehemu, wasomaji wangemkataa kama walivyomkataa Jason, na ndiyo maana Marv Wolfman, aliyemwingiza Tim mwaka 1989, alimpa njia tofauti kabisa ya kuingia. Tim hakuokotwa na Batman. Akiwa mtoto alikuwapo kwenye sarakasi usiku ambao wazazi wa Dick Grayson, wanasarakasi wa kuruka hewani kama mwana wao, walianguka na kufa. Miaka kadhaa baadaye akamwona Robin kwenye televisheni akipinduka hewani mara nne mfululizo, mtindo aliokuwa ameuona kwa Dick peke yake, na kutokana na hilo akatambua Robin ni nani na Batman ni nani. Alikuwa na umri wa miaka 9. Siri hiyo hakuiuza wala hakujivunia. Aliitunza mpaka alipoona kwamba Batman, kwa majonzi ya kumpoteza Jason, amekuwa mkatili kupita kiasi, ndipo akajitokeza kumwambia kwamba hawezi kufanya kazi hiyo bila Robin. Kwa maoni yangu huo ndio mwanzo bora kuliko wote walioandikiwa vijana wa namna hii, kwa kuwa kijana anaingia kwa akili na kwa huruma kabla hajarusha ngumi hata moja.

Swali: Mimi ni mzazi. Mwanangu anavipenda vitabu hivi, lakini ninaona vinafundisha vijana kujichukulia sheria mkononi, tena katika nchi za watu. Mhariri unasemaje?

Jibu: Hofu yako ina msingi, na nisingependa kuipuuza. Katika ulimwengu wa kweli, uhalifu unaovuka mipaka hushughulikiwa kwa ushirikiano wa dola zenyewe. Hata Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi lenye nchi wanachama 196, haina maofisa wanaozunguka dunia wakikamata watu. Kazi yake ni kupitisha taarifa na maombi, na anayekamata ni polisi wa nchi husika kwa sheria za nchi hiyo. Kijana mwenye kinyago anayevunja mlango wa jumba la makumbusho la nchi ya kigeni, hata kama anatafuta jambo jema, ni mhalifu mbele ya sheria hizo. Hilo mwambie mwanao waziwazi.

Ninachokisifu katika Red Robin ni kwamba waandishi hawalifichi tatizo hilo. Vazi la Red Robin analovaa Tim liliwahi kuvaliwa na Jason Todd, ambaye alirudi kutoka mautini akiwa mwuaji, na Tim analichukua kwa makusudi, maana anatarajia kutenda mambo ambayo hataki yalitie doa jina la Robin. Mara anajikuta anashirikiana na Ra's al Ghul, kiongozi wa kundi la wauaji ambaye ni adui wa siku nyingi wa Batman, kwa kuwa ndiye mwenye watu na mali za kumwezesha kuendelea na upelelezi. Anavamiwa na wauaji wa kundi hasimu, anachomwa kisu, na wengu wake unapotea. Jeraha hilo haliponi kimiujiza katika toleo linalofuata kama ilivyo desturi ya katuni nyingi. Kila nchi anayoingia inamwachia deni. Ra's anafikia kumwita Mpelelezi, jina la heshima alilozoea kumwita Batman, na msomaji makini atajiuliza kama sifa itokayo kinywani mwa mtu wa aina hiyo ni ya kufurahia.

Soma toleo la 26 pamoja na mwanao. Tim amemtega mtu aliyemwua baba yake, amepanga kila hatua ya kumfikisha kwenye kifo kitakachoonekana kwamba amejitakia mwenyewe, na katika dakika ya mwisho anamwokoa. Muulize mwanao kama kupanga kote kule, hata bila kuua, kulikuwa haki. Mimi naona hakukuwa haki, na naona pia kwamba mwandishi alitaka tusumbuke hivyo.

Ama kuhusu umri, kuna damu na mauaji ya kutosha. Nisingempa mtoto aliye chini ya miaka 12.

Swali: Kwa nini mfululizo huo ulikatika ghafla, na nawezaje kuupata wote?

Jibu: Haukukatwa kwa kosa lake. Mwaka 2011 DC ilifunga mifululizo yake ya mashujaa na kuanzisha mingine 52, yote ikihesabiwa upya kuanzia toleo la 1, na Red Robin haukuwamo. Matoleo yake yalikusanywa katika vitabu vinne, lakini jihadhari na jambo moja: toleo la 22 limeachwa nje ya kitabu cha nne, kwa kuwa ni kipande cha hadithi iliyogawanywa kati ya mifululizo kadhaa ya Batman. Utalazimika kulitafuta peke yake, ingawa ukilikosa hutapotea njia.