Ukikuta bomu shambani, usilinyamazie

Kwa miaka minne nilitembea na kigunduzi cha chuma pembezoni mwa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliugombania kwa siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Makombora zaidi ya 6,000 yalirushwa, yakaua raia kwa mamia. Mengine hayakulipuka, yakazama udongoni.

Watu huniuliza kama kutu haijayamaliza. Kutu inakula ganda tu. Baruti iliyomo ndani hudumu miongo na miongo, na kombora lililokwisha kurushwa huwa limeshajiandaa kulipuka. Pengine lilidondokea tope, fyuzi, yaani kiwashio chake, ikakosa pigo la kutosha. Lile lililochakaa, linalofanana na kipande cha bomba, ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kazi yenyewe ni ya polepole mno. Unapewa ujia wa upana wa mita moja. Mashine ikilia, unapiga magoti na kuuchoma udongo kwa ncha ya chuma iliyolazwa, kamwe si wima, ili uguse ubavu wa kitu na si kichwa chake. Mara nyingi ni kizibo cha bia. Na kila kizibo unakifukua kwa adabu ile ile.

Wewe usiye na mashine, ukikuta bomu: simama, rudi kwa nyayo ulizojia, weka alama kwa mbali, zuia watoto, toa taarifa. Usichome moto majani ya hapo. Usiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, hata njaa ikikubana.

Mama mmoja wa upande wa Tshopo, jembe lake liligonga mkia wa kombora kwenye tuta la mihogo. Alifunga kipande cha kitenge kwenye kijiti, akakaa chini ya mchikichi kufukuza watoto. Alifanya vema kabisa, ila habari ilitufikia siku ya tatu. Aliogopa kuulizwa silaha kaitoa wapi.

Machifu wa mitaa na askari, nawasihi: mtu akileta habari ya bomu, mshukuruni kwanza. Swali la "umelitoa wapi" ndilo linalowafanya watu walibebe usiku mikononi wakalitupe chooni au mtoni.

La mama yule tulilizungushia viroba vya mchanga, tukalilipua pale pale. Jioni alikuja kukagua matuta yake, akaanza kuokota pingili za mihogo zilizosalia.