Nikimpiga mtu picha ziwani uso unakuwa mweusi. Tatizo ni lenzi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miezi mitatu tangu ninunue kamera ya mtumba, Canon yenye lenzi ya 18-55. Jioni huwa nakwenda kujifunza kupiga picha pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Kila nikimsimamisha mtu, ziwa likiwa nyuma yake, uso unatoka mweusi ti. Nikiuongezea mwanga kwenye kompyuta unajaa chengachenga. Ninunue lenzi nyingine? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lenzi usinunue, hiyo uliyonayo inatosha kabisa kujifunzia.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtu. Inapima mwanga wa eneo lote la picha, kisha inajitahidi wastani wake uwe kijivu cha kati. Sasa saa 11 jioni ziwa linameremeta na anga nalo ni jeupe, tena vyote viwili vimejaza sehemu kubwa ya picha. Kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Anayeumia ni huyo mtu wako, ambaye uso wake uko kivulini tangu mwanzo kwa kuwa amelipa jua mgongo. Na ngozi zetu nyeusi zinahitaji uangalifu zaidi hapo, maana zikikosa mwanga kidogo tu, macho na mashavu vinapotea.

Weka gurudumu la juu kwenye Av, yaani wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua kasi. Shikilia kitufe chenye alama ya +/-, huku ukizungusha gurudumu dogo lililo karibu na kidole cha shahada, mpaka alama kwenye kipimo ifike +1. Hapo umeiagiza kamera ichukue mwanga mara mbili. Bado uso ni mzito? Nenda +2, yaani mara nne. Maji ya nyuma yataungua yawe meupe, na mimi nakushauri uyaache yaungue. Kamera haiwezi kushika jua la ziwani na uso wa kivulini kwa pamoja, na watu watakaoitazama picha wataanza na macho ya huyo mtu.

Ila njia ninayoipenda ni kuurudisha mwanga usoni. Hapo Mwaloni hukosi salfeti nyeupe za kupakia dagaa. Omba moja tupu, mpe rafiki aikunjue na kuishika usawa wa kiuno cha unayempiga, mita moja hivi mbele yake, ikielekea jua. Mwambie aiinamishe polepole, nawe tazama macho. Kuna mahali ikifika, kidoa cheupe kinawaka ndani ya mboni na kivuli cha chini ya kidevu kinalainika. Bonyeza hapo hapo. Nguo nyeupe pia inafaa, lakini kanga ya rangi usitumie, itaupaka uso rangi yake.

Au mgeuze tu alitazame jua likiwa limeshuka. Mwanza tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku mwaka mzima, na hushuka karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu hauna subira. Ukifika saa 12 kasoro utakuwa umejipanga.

Chengachenga zinatokana na kuvuta mwanga kutoka gizani baada ya kupiga. Uso ukipigwa na mwanga wa kutosha hazitakusumbua. Anza pia kuhifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi lenye taarifa zote za kamera, zinavumilia marekebisho kuliko JPEG, faili la kawaida lililobanwa.

Wiki hii msimamishe mtu mmoja mahali pamoja, umpige kwa 0, +1, +2, kisha kwa salfeti, kisha akiwa amegeukia jua. Zitazame zote tano kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera, kwani juani kinadanganya.

Siku ukitaka Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu lililo ziwani hapo Mwanza, au mtumbwi uonekane kama kivuli cheusi mbele ya anga jekundu, rudisha alama hadi -1.