Speedtest inasoma 200 alafu faili la Frankfurt linatambaa, anzia kuangalia hapa

Kuna lalamiko nalisikia kila mara kwa watu wanaotuma mafaili makubwa Ulaya au Marekani, watu wa video, watu wa drone, wale wanaofanya backup za seva. Laini ya faiba ni Mbps 200, Speedtest inakubali ni 200, alafu faili lenyewe linapanda kwa Mbps 3 mpaka kesho asubuhi. Wengi hapo wanakimbilia kuongeza kifurushi. Usiongeze kwanza. Kazi yangu ya kila siku ni kusukuma picha za drone kutoka Dar kwenda kwenye seva iliyoko Frankfurt, na mara nyingi nimekuta laini haina shida yoyote, shida ni umbali na jinsi TCP, ule utaratibu kompyuta zinaotumia kutumiana data mtandaoni, inavyohangaika na huo umbali.

Speedtest yenyewe inapima kitu kingine. Inachagua seva ya karibu, hapahapa mjini, pingi (muda wa data kwenda na kurudi) milisekunde (ms) 3 au 4, tena inafungua koneksheni kadhaa kwa mpigo. Faili lako linakwenda kwa koneksheni moja, linapita mkongo wa baharini, na pingi inasoma ms 160 na kitu.

TCP haimwagi data tu. Inatuma kiasi fulani, hicho ndo wanaita dirisha, alafu inasubiri upande wa pili uitikie kwamba mzigo umefika ndo iachie mwingine. Ni pantoni la Kigamboni lile, hata maji yawe mapana vipi, magari yatakayovuka kwa saa yanategemea chombo kinabeba mangapi na kinachukua muda gani kwenda na kurudi. Kwaiyo hesabu ni rahisi, chukua dirisha gawanya kwa muda wa kwenda na kurudi.

TCP ya asili dirisha lake linaishia baiti 65,535, maana namba hiyo imepewa biti 16 tu kwenye pakiti, yaani kile kipande kidogo cha data kinachosafiri. Kwa ms 160 hapo unapata kama Mbps 3.3, na hata ukinunua laini ya Gbps 10 itabaki 3.3. Dawa ilitoka zamani, RFC 1323 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya 1992 ilileta namna ya kulikuza dirisha na kompyuta zote za leo zinayo, ila kuna mafirewall (vizuizi vya ulinzi wa mtandao) ya kizamani yanaifuta njiani kimyakimya. Dalili yake ni spidi kuganda palepale kwenye 3.2 au 3.3, saa nane usiku na saa nne asubuhi ni ileile. Msongamano wa kawaida haugandi hivo, unapanda na kushuka. Ukikuta imeganda usigombane na mtoa huduma, kaangalie hiyo firewall yako.

Bafa za kompyuta, ile kumbukumbu inayoshika data inayosubiri kuitikiwa, nazo zina ukomo. Kujaza Gbps 1 kwa ms 160 unahitaji MB 20 ziwe njiani kwa wakati mmoja, na Linux nyingi bafa ya kutuma inaishia MB 4. Kama una laini ya Gbps pandisha tcp_wmem (bafa ya kutuma) na tcp_rmem (ya kupokea). Kama una Mbps 100 unahitaji MB 2 tu, achana nazo, na zile makala zinazokwambia ubandike mistari thelathini ya sysctl (mipangilio ya ndani ya Linux) bila maelezo zipuuze.

Sasa twende kwenye pakiti kupotea, maana hapa ndo penye kazi. Tangu mtafiti wa mitandao Van Jacobson alipoirekebisha TCP mwaka 1988, pakiti ikipotea TCP inaamini njia imejaa, inakata dirisha nusu, alafu inaanza kujiongeza pakiti moja kila mzunguko. Mzunguko ukiwa wa ms 4 hutajua hata kama kuna kitu kimetokea. Mzunguko ukiwa ms 160 kwenye laini ya Gbps 1, kurudi pale ulipokuwa ni kama dakika 18. Kwa pakiti moja! Mtafiti mwingine, Sally Floyd, kwenye RFC 3649 ya 2003 alipiga hesabu kwamba TCP ya kawaida ili ifike Gbps 10 kwenye ms 100 isipoteze zaidi ya pakiti moja katika bilioni 5, na hilo kwa uhalisia ni gumu kulipata. Ndo miaka hiyo zikaja namna mpya za TCP kupanga spidi, HighSpeed TCP, Scalable TCP, FAST TCP ya Caltech, BIC, na mwisho CUBIC ambayo ndo Linux inaitumia toka 2006. CUBIC inaangalia muda uliopita tangu pakiti ya mwisho ipotee, haihesabu mizunguko, kwaiyo umbali hauiumizi sana. Ila pakiti ikipotea bado inaogopa, hata kama imepotea kwa sababu Wi-Fi ya ofisi ni mbovu.

Hii unaweza kuiona kwa macho. Faili likiwa linapanda andika amri ya Linux ss -ti, tafuta cwnd (dirisha kwa idadi ya pakiti), rtt (muda wa kwenda na kurudi) na retrans (pakiti zilizotumwa upya). Mi nilikuta cwnd:38 rtt:162, sasa pakiti 38 za baiti 1460 kwa ms 162 ni kama Mbps 2.7, na retrans inaongezeka huku naangalia. Nikachomeka waya wa LAN nikaachana na Wi-Fi, cwnd ikavuka 300. Hiyo bure kabisa, anza nayo.

Baada ya hapo jaribu BBR, namna nyingine ya TCP kupanga spidi. Google waliitoa 2016, imo kwenye Linux kuanzia 4.9, yenyewe inapima laini inapitisha kiasi gani na muda mfupi kabisa wa kwenda na kurudi, pakiti moja moja zikidondoka haishtuki. Kwenye sysctl weka tcp_congestion_control iwe bbr na default_qdisc iwe fq, basi. Ila shika hili maana watu wengi wanalikosa, anayeamua ni upande unaotuma. Ukipandisha faili washa kwenye mashine yako, ukishusha lazima iwe imewashwa kwenye seva ya huko, kuwasha kwako hakusaidii chochote. Na toleo la kwanza la BBR lina ubabe kidogo, kwenye ruta zenye bafa ndogo linawabana wenzake wanaotumia CUBIC, kwaiyo kama mnachangia laini tuma usiku.

Kama huna mamlaka ya kugusa seva, gawa mzigo kwenye koneksheni nyingi. Programu za kuhamisha mafaili zinaweza hilo, rclone kwa --transfers 8, aria2c (hii ni ya kushusha) kwa -x 8 -s 8, na rsync ikimbize folda tofautitofauti kwa pamoja. rsync ndani ya SSH (muunganisho wa siri wa kuingilia seva) ina kizuizi chake pia, dirisha la OpenSSH ni MB 2, kwaiyo koneksheni moja Frankfurt haivuki kama Mbps 100 hata laini iwe tupu. Programu za kulipia kama Aspera zinazopita juu ya UDP (njia ya kutuma data isiyosubiri kuitikiwa kama TCP) ni nzuri kweli, ila mi nisingetoa hela kabla ya kujaribu hayo ya juu. QUIC, mbadala wa TCP unaopita juu ya UDP, nayo watu wanaisifia sana, RFC 9000 ya 2021, lakini ndani yake bado unakuta CUBIC au BBR zilezile.

Pingi nayo usiipime mara moja ukaridhika. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, trafiki ililazimika kuzungushwa njia nyingine, na muda wa kwenda na kurudi ukirefuka kila hesabu niliyoandika hapa inabadilika. Ukipigia huduma kwa wateja usiwatumie picha ya Speedtest, watakujibu laini iko poa na watakuwa sahihi. Watumie matokeo ya iperf3 (programu ya kupima spidi kati ya mashine mbili) ya koneksheni moja na ya koneksheni nane kwenda seva ya Ulaya, na mtr (programu inayopima kila kituo njiani) ya dakika kumi inayoonyesha pakiti zinaanza kudondokea kituo gani. Zikidondoka mpaka mwisho wa safari ni kesi yao, ila kituo kimoja cha katikati kikionyesha upotevu alafu vinavyofuata ni safi, hicho kinapuuza pingi tu, msibishane bure.