Hesabu za Barafuni: Maswali Yenu Kuhusu Hoki ya Vyuo vya Marekani

Barua za safari hii karibu zote zimezaliwa na ubishi. Mtu anasoma au anafanya kazi Marekani, wenzake wamemzoesha kwenda kutazama hoki ya barafu ya chuo, na sasa amegundua kwamba kushangilia peke yake hakumpi heshima. Wenzake wanajua nani alifunga fainali ya 1979, yeye anabaki kunywa soda. Kwa asiyeujua mchezo: una vipindi vitatu vya dakika 20, kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu, na kila bao linaweza kuandikiwa watoa pasi hadi wawili. Ubingwa wa taifa chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ulianza 1948, Michigan walipoifunga Dartmouth 8–4 huko Colorado Springs. Sasa tuingie kwenye barua.

Shikamoo mzee. Nasoma Boston. Chumba chetu kimegawanyika: mmoja anasema timu bora katika historia ni Cornell ya 1970, mwingine Maine ya 1993. Tuamulie. (Mwanafunzi, Boston)

Marahaba, mwanangu. Hapo mmeokota ubishi usioisha, kwa sababu kila upande una karatasi ya kuonyesha.

Cornell ya msimu wa 1969–70, chini ya kocha Ned Harkness, ilicheza mechi 29 ikashinda 29. Hakuna iliyopotea, hakuna sare. Wakamaliza kwa kuifunga Clarkson 6–4 huko Lake Placid, na tangu hapo hakuna bingwa mwingine wa wanaume aliyemaliza msimu bila doa la aina yoyote. Maine ya 1992–93 ilishinda 42, ikatoka sare 2, ikapoteza moja tu: 7–6 mbele ya Boston University, tena kwenye muda wa nyongeza, ambapo bao la kwanza humaliza mechi.

Ukipiga hesabu ya asilimia, huku sare ikihesabiwa nusu ya ushindi, Cornell wana 100 na Maine wana 95.6. Mwenzako wa Cornell ataishia hapo na kukunja mikono. Usimwachie. Maine walishinda mechi 13 zaidi ya zote ambazo Cornell walicheza. Tena mwaka 1970 michuano ya taifa ilikuwa na timu 4, maana yake ukishinda mechi mbili umechukua kombe. Mwaka 1993 zilikuwa 12.

Mimi nawachukua Maine, na kilichonishawishi ni kipindi kimoja. Kwenye fainali walikuwa nyuma 4–2 mbele ya Lake Superior State. Kipindi cha tatu Jim Montgomery akafunga mabao matatu ndani ya muda usiofika dakika tano, mechi ikaisha 5–4. Pasi ziliandikiwa nani? Paul Kariya, kwenye mabao yote matatu. Kariya alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na msimu ule alifikisha pointi 100: mabao 25, pasi 75, mechi 39. Akawa wa kwanza wa mwaka wa kwanza kupewa tuzo ya Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Hadi 2025 waliomfuata kwa hilo ni watatu tu: Jack Eichel, Adam Fantilli na Macklin Celebrini.

Kama mna nafasi ya chemsha bongo moja zaidi chumbani, waulizeni: Montgomery alirudi kuchukua ubingwa wa vyuo akiwa nani? Jibu: kocha wa Denver, 2017.

Kila ninaposoma "timu pekee isiyofungwa" nakuta ni Cornell. Wanawake hawachezi? (Dada wa Minneapolis)

Wanacheza, na wewe umekaa mji uleule wenye jibu. Ndiyo maana hapo juu nimeandika "bingwa wa wanaume". Timu ya wanawake ya Minnesota msimu wa 2012–13 ilicheza mechi 41 ikashinda zote 41, ikaifunga Boston University 6–3 kwenye fainali. Mfululizo wao wa ushindi ulianza msimu uliotangulia na ukafika mechi 62, hadi North Dakota walipouvunja kwa 3–2 Novemba 2013.

Na yule atakayekutajia pointi 100 za Kariya, mtajie Amanda Kessel wa timu hiyo ya Minnesota: msimu huo wa 2012–13 alikuwa na mabao 46 na pasi 55. Jumlisha mwenyewe. Wanaume na wanawake hawapimwi kwenye mizani moja, hilo ni kweli, lakini anayesema "katika historia ya hoki ya vyuo" bila kusema ya nani, anastahili kukatizwa.

Ni kweli kuna kipa aliyevunja rekodi huku akiwa amepewa jina la kipa wa zamani, au mtu ananichezea? (Msomaji, Ottawa)

Ni kweli, na ni katika vitu vitamu sana kwenye mchezo huu. Dryden McKay wa Minnesota State, chuo kilichoko Mankato, alipewa jina la Ken Dryden. Mtoto akakua, akawa kipa kweli. Rekodi ya mechi ambazo kipa hakuruhusu bao hata moja ilikuwa ya Ryan Miller wa Michigan State, mechi 26. McKay akaipita na kuifikisha 34, akamaliza chuo na ushindi 113, na mwaka 2022 akapewa Hobey Baker. Tuzo hiyo imetolewa tangu 1981, na makipa walioipata ni watatu: Robb Stauber 1988, Miller 2001, na yeye.

Sasa mwenye jina. Ken Dryden, aliyefariki Septemba 2025, alidakia Cornell akashinda 76, akapoteza 4, sare 1. Usiziweke 76 na 113 kwenye mstari mmoja ukasema McKay ni bora. Enzi za Dryden mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu, kwa hiyo 76 ni za misimu mitatu, tena misimu mifupi.

Na hapa ndipo mashabiki wengi wanapoteza soda zao. Uliza: kipa wa Cornell ile ya 29 kwa 29 alikuwa nani? Tisa kati ya kumi watasema Dryden, kwa sababu jina kubwa humeza kila kitu kilicho karibu nalo. Dryden alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia. Aliyesimama langoni ni Brian Cropper.

Nini maana ya .925 mbele ya jina la kipa? (Msomaji, Mwanza)

Amepigiwa mashuti, ameokoa asilimia 92.5 ya hayo. Wamarekani huandika kwa desimali na hawaweki sifuri mbele. Namba nyingine utakayoiona ni wastani wa mabao aliyofungwa kwa kila dakika 60. Bao linaloingia kipa akiwa ametolewa ili aongezwe mshambuliaji halihesabiwi kwake. Mpaka hapo unaweza kuisoma karatasi.

Mechi ndefu kuliko zote ilikuwa ipi? Nimepewa majibu matatu tofauti na watu watatu. (Msomaji, Chicago)

Wote watatu huenda wako sahihi, kila mmoja kajibu swali lake.

Ndefu kuliko zote kwa wanaume ni ya Machi 2015: Massachusetts waliifunga Notre Dame 4–3 katika nyongeza ya tano, baada ya dakika 151 na sekunde 42. Ile ilikuwa michuano ya ligi yao, Hockey East. Ukibana swali liwe michuano ya taifa, jibu linahamia Machi 2021 mjini Fargo, Minnesota Duluth 3, North Dakota 2, nyongeza ya tano vilevile, dakika 142 na sekunde 13. Ukibana zaidi liwe fainali, unarudi hadi 1984: Bowling Green waliifunga Duluth 5–4 katika nyongeza ya nne. Kocha wa Bowling Green alikuwa Jerry York, ambaye baadaye alichukua mataji mengine manne na Boston College na kustaafu na ushindi 1,123, mwingi kuliko wa kocha yeyote.

Kwa upande wa pili, fainali ya 2023 ilikwenda nyongeza ikadumu sekunde 10 tu. Quinnipiac 3, Minnesota 2. Kuna watu walikuwa bado hawajaketi.

Watu wangapi walitazama ile mechi ya Michigan kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani? Naona 113,000 na 104,000. (Msomaji, Detroit)

Desemba 11, 2010, Michigan 5, Michigan State 0, nje, kwenye uwanja mkubwa wa Ann Arbor. Siku ile walitangaza watu 113,411. Guinness walipohakiki wakaandika 104,173. Ukiwa kwenye ubishi, tumia ya Guinness. Mtangazaji wa uwanjani ana sababu ya kuipandisha namba, mhakiki hana. Na hata hiyo ndogo inaiacha mbali mechi iliyoanzisha mtindo huo, ya Oktoba 2001 kwenye uwanja wa Michigan State, timu hizohizo, sare ya 3–3, watu 74,554.

Rafiki yangu ni shabiki wa Yale, lakini mwezi Machi hushangilia timu ambazo hajui hata ziko jimbo gani. Ana akili timamu? (Msomaji, New Haven)

Anazo, tena amepiga hesabu. Timu 16 huingia michuano ya taifa. Mabingwa wa ligi sita wanaingia moja kwa moja, nafasi 10 zinazobaki hugawiwa kwa viwango. Kwa miaka mingi kiwango kilitokana na kulinganisha kila timu na kila nyingine, mbilimbili, na nguzo ya hesabu ilikuwa kipimo chenye mafungu matatu: asilimia 25 matokeo yako mwenyewe, 21 matokeo ya wapinzani wako, na 54 matokeo ya wapinzani wa wapinzani wako. Soma tena hiyo ya mwisho. Zaidi ya nusu ya kipimo chako ilitoka kwa watu ambao huenda hukucheza nao kabisa. Ndiyo maana shabiki wa Yale anajikuta saa nne usiku akiiombea dua timu ya Alaska.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Yale haohao. Machi 2013 walifungwa na Quinnipiac 3–0, kipigo cha tatu kutoka kwao msimu ule, wakabaki kusubiri matokeo ya wengine. Notre Dame wakaifunga Michigan kwenye fainali ya ligi yao, na katika mechi hiyo moja yakatokea mawili: Michigan, waliokuwa wameingia michuano ya taifa miaka 22 mfululizo, wakabaki nje, na Yale wakapata upenyo. Waliingia wa mwisho miongoni mwa waliochaguliwa kwa viwango. Wakawatoa Minnesota, wakawatoa North Dakota, wakawatoa UMass Lowell, wakafika fainali. Mpinzani? Quinnipiac, majirani zao wa kilomita kama 13. Yale 4, Quinnipiac 0. Msimu mzima walicheza mara nne, Yale wakashinda moja.

Kaka, nafanya kazi Minneapolis na jirani yangu wa mezani ametoka North Dakota. Kila Jumatatu ananitajia Holy Cross. Nipe silaha. (Gopher, yaani shabiki wa Minnesota, aliyechoka)

Pole, ndugu. Kwa wasiojua: Machi 2006 Minnesota, wakiwa miongoni mwa vigogo wa michuano, walifungwa 4–3 na Holy Cross kwenye nyongeza ya raundi ya kwanza. Phil Kessel, kaka yake Amanda niliyemtaja juu, alikuwa kwenye kikosi kile. Mbaya zaidi, ilichezwa Grand Forks, kwenye uwanja wa North Dakota wenyewe, kwa hiyo jirani yako huenda alikuwepo.

Akianza, wewe nenda 1979. Fainali, Detroit, kocha wenu Herb Brooks: Minnesota 4, North Dakota 3, bao la ushindi la Neal Broten. Broten huyohuyo ndiye aliyepewa Hobey Baker ya kwanza kabisa, 1981. Bao hilo linauma Grand Forks hadi leo, litumie mapema na kwa sauti.

Ila usimruhusu aanze kuhesabu makombe ya taifa ya wanaume. Hadi 2025 wao wanayo 8 na ninyi 5. Akifika hapo, ingilia kati umuulize habari za mvua.