Saa ya mwani iko ndani ya seli yenyewe
Ndugu uliyeuliza mwani wa seli moja unajuaje saa na hauna ubongo, saa iko humohumo ndani ya seli, ubongo hauhitajiki. Mcheki Chlamydomonas, mwani mdogo wa seli moja, mchana anaufuata mwanga kwa nguvu, usiku anapoa, na hata ukimweka giza totoro mzunguko unaendelea, karibu masaa 24. Ila anayenishangaza zaidi ni Acetabularia, mwani wa baharini, ni seli moja tu lakini ana urefu wa sentimita kadhaa na kiini chake kimekaa huku chini kabisa, sasa mwaka 1961 wanasayansi Sweeney na Haxo wakakitoa kile kiini, na bado usanisinuru ukawa unapanda na kushuka kwa ratiba ileile, yaani DNA ya kiini haipo na saa inatembea!