Funika daftari kwanza, ndipo useme umeelewa

Nikikaa na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, swali langu la kwanza huwa hili: umejuaje kwamba umeelewa? Wengi hujibu kuwa wameisoma sura yote mara mbili tatu na hawakukwama popote. Lakini maandishi yaliyozoeleka machoni hupita kwa wepesi, na wepesi huo ndio unaotudanganya.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Na waliorudia sana kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba watakumbuka! Kila nikiwaza jambo hilo nawahurumia wanaokesha na kitabu wazi.

Kwa hiyo mimi husema: funika daftari, chukua karatasi tupu, andika. Binti mmoja niliyekuwa namsaidia biolojia alianza vizuri na mzunguko wa damu: inatoka kwenye moyo, inakwenda mwilini, inarudi. Inarudi upande gani wa moyo? Kalamu ikasimama. Na mapafu yanaingia wapi? Kimya. Akaweka alama ya kuuliza hapo, akafungua kitabu kutafuta hilo tu: damu hurudi upande wa kulia, husukumwa kwenye mapafu, huingia upande wa kushoto, ndipo isambazwe mwilini. Sehemu iliyobaki ya sura hakuwa na haja ya kuirudia.

Usijipime papo hapo, ukiwa ndio kwanza umemaliza ukurasa. Maneno bado yanaelea kichwani, utajiona bingwa. Ngoja ufanye jambo jingine, au ngoja kesho asubuhi. Makadirio yako ya unachokijua yatakuwa karibu zaidi na ukweli.

Huku kujichunguza fikra ndiko wataalamu wanakoita metakognisheni, jambo ambalo mwanasaikolojia John Flavell aliliandikia makala yenye uzito mwaka 1979. Mtafiti wa elimu Barry Zimmerman naye alieleza kujisimamia katika kujifunza kwa hatua tatu: kujipanga, kutenda huku ukijifuatilia, kisha kujitathmini. Naona wengi huharibu kwenye hatua ya kwanza. “Leo nasoma kemia” si lengo, maana huwezi kujua umelifikia lini. “Leo niweze kusawazisha milinganyo bila kuangalia mfano” unaweza kulipima kabla hujalala.

Kwenye kujitathmini, chunga sana sababu unayojipa. Anayesema “hesabu siziwezi” amejifungia mlango. Anayesema “nilinakili mifano badala ya kuifanya mwenyewe” ana kitu cha kubadilisha kesho.

Na ukikwama palepale tena na tena, omba msaada mapema. Kuomba msaada ni sehemu ya kujisimamia, tena sehemu muhimu. Ila usiende kwa mwalimu na “sielewi” peke yake. Nenda na ile karatasi, mwonyeshe mstari ambapo kalamu yako ilisimama.