Ekstrakti imeua seli za saratani, ndo dawa tayari?

Ndugu, umeuliza kama ekstrakti ya mmea wako adimu ikiua seli za saratani maabara basi ni dawa. Hapana, bado sana, hata spiriti inaua seli. Swali ni imeua kwa dozi gani na je seli za kawaida zimepona? Tafuta IC50, ile dozi inayopunguza seli hai kwa nusu, kwa seli za saratani na zisizo za saratani pia, zikikaribiana ujue una sumu tu.

Alafu kama umetumia MTT, kile kipimo cha rangi cha kuona seli ngapi ziko hai, kuwa makini sana, ule unga wa njano seli hai ndo huugeuza zambarau, lakini ekstrakti zenye polifenoli nyingi (kemikali za asili za mimea) huweza kuugeuza zenyewe bila seli hata moja, so unaona vishimo vya sahani ya majaribio vina zambarau unadhani seli ziko hai kumbe zimekufa. Weka vishimo vyenye ekstrakti bila seli, na vingine vyenye seli na DMSO (kiyeyushi cha ekstrakti) peke yake kwa kiwango kilekile, watu wengi wanaruka hapa na inaniuma kweli.

Na kwa vile mmea ni adimu tafadhali anza na majani, usichune gome wala kung'oa mizizi. Paklitakseli, dawa ya saratani, ilitoka kwenye gome la mti uitwao Taxus brevifolia na kulichuna kulikuwa kunaua mti, baadaye ikawezekana kuitengeneza kuanzia majani ya mti wa jamii hiyohiyo, Taxus baccata. Pia peleka sampuli iliyokaushwa kwa mtaalamu wa mimea athibitishe jina kabla hujaendelea.